Nani Anakudai?

Cicero, wakili na mwanasiasa wa Roma ya kale, alikuwa pia mtazama ndege. Cheo chake kiliitwa augur, na kilikuwa cha heshima kubwa: kuangalia ndege wametokea upande gani, wamelia vipi, wameelekea wapi, kisha kuwaeleza wakubwa wa dola kama miungu imeridhia vita, uchaguzi au mkutano walioupanga. Kazi hiyo haikuhitaji imani nyingi. Cicero mwenyewe aliandika kitabu kizima cha kuuhoji uaguzi, na hakuna aliyemvua cheo kwa ajili hiyo. Ilihitaji umakini. Neno moja la dua likikosewa, ibada ilianza upya, na ikikosewa tena ilirudiwa tena, hata kama jua lilikuwa kali na watu wana njaa.

Ndiyo maana sishangai alivyolieleza neno religio, ambalo lugha nyingi za Ulaya zimelirithi na ambalo sisi hulitafsiri kuwa dini. Mwaka 45 KK, akiandika juu ya miungu na tabia zao, alilitoa kwenye kitenzi relegere: kupitia tena, kusoma tena. Mtu wa religio, kwake yeye, ni yule anayeyapitia kwa uangalifu mambo yote ya ibada, haruki hatua wala hapunguzi maneno.

Zaidi ya miaka mia tatu baadaye akaja Lactantius, mwalimu wa ufasaha kutoka Afrika ya Kaskazini, ambaye hatimaye alipewa kazi ya kumfundisha mtoto wa Kaisari Konstantino. Huyu alikuwa Mkristo, na alikuwa ameyaona mateso yaliyoanza mwaka 303, makanisa yakibomolewa na vitabu vitakatifu vikichomwa moto. Akasema Cicero amekosea: neno limetoka kwenye religare, kufunga kwa kamba. Binadamu amefungwa kwa Mungu mmoja, basi. Halafu Augustino wa Hippo, mzaliwa wa Thagaste katika Algeria ya leo, akaleta maelezo yake, kwamba ni kumchagua upya Mungu tuliyekuwa tumempoteza. Uzeeni akaegemea upande wa kamba. (Jambo hili hupitwa haraka mno: katika watu watatu waliogombania neno ambalo Ulaya hulibeba kama mali ya ukoo, wawili ni watoto wa bara hili.)

Wanaisimu hawajakata shauri hadi leo, na sioni haja ya kuwaharakisha. Kila mmoja wa wale watatu alichimba mzizi akakuta kile alichokifukia mwenyewe. Mtazama ndege alikuta uangalifu. Aliyeona wenzake wakifa kwa kukataa kuzitolea kafara sanamu alikuta kamba.

Kinachonishughulisha zaidi ni jirani wa neno lile. Religio haikuishi peke yake. Pembeni yake palikuwa na superstitio, na mpaka kati ya maneno hayo mawili ulichorwa na wenye nguvu. Ibada za Roma zilikuwa religio. Za wengine, hasa zikionekana kuzidi kiasi au kufanywa kwa kificho, zilikuwa superstitio. Plinio Mdogo, gavana wa Bithinia, kaskazini mwa Uturuki ya leo, alimwandikia Kaisari Traiano karibu na mwaka 112 kuhusu Wakristo aliowahoji, wakiwemo wanawake wawili watumwa aliowatesa ili waseme ukweli. Imani yao akaiweka ng'ambo ya mpaka. Mwaka 380 Kaisari Theodosio na wenzake wakatangaza kwamba Ukristo ndio njia ya dola, na kabla karne haijaisha kafara zilikuwa zimepigwa marufuku. Sasa watazama ndege ndio wakawa wa superstitio. Ndege wenyewe hawakubadili chochote.

Sisi nasi tuna neno la ng'ambo ya mpaka. Ushirikina kwa asili ni kosa la kumpa Mungu mshirika. Mtaani leo ni hirizi, ni mganga, ni nazi iliyovunjwa njia panda, na ni lawama ambayo mashabiki wa mpira hutupiana timu inapokataa kuingia uwanjani kwa mlango wa kawaida ikaruka ukuta. Sijawahi kumsikia mtu akisema kwamba yeye ni mshirikina. Ni neno la kumwita mwenzako.

Lakini religio si neno letu. Letu ni dini, nalo lilikuja kwa njia nyingine.

Katika mwambao huu, jeneza likiisha kuwekwa mbele na safu zikinyooka, kabla imamu hajaleta takbira ya kwanza, hujitokeza mtu wa karibu wa marehemu. Mara nyingi sauti yake haifiki nyuma. Husema kwamba kama yupo anayemdai marehemu basi awaone wao wafiwa, deni sasa ni lao. Na kama yupo aliyekosewa, amsamehe. Watu huguna kwa kuitikia. Kisha huswaliwa, wima, bila rukuu wala sijida, na ndani ya dakika chache jeneza liko mabegani. Mdai haropoki pale. Huja baadaye, matanga yakiisha, mwenye duka na daftari lake la mikopo kwapani: sukari, mchele, majani ya chai, vocha ya mwezi uliopita. Hulifungua mbele ya mtoto mkubwa wa marehemu, kidole kikishuka mstari kwa mstari. Wapo wanaolipwa pale pale na kutoa chenji. Nimemwona pia mmoja aliyeomba kalamu, akapiga mstari wa mshazari ukurasa mzima, kisha akaagiza kahawa.

Imepokewa kwamba Mtume aliletewa maiti aswaliwe, akauliza kama ana deni. Alipoambiwa analo na hakuacha cha kulilipia, aliwaambia maswahaba wamswalie wao, mpaka Abu Qatada aliposema deni lile liwe juu yake. Hapo ndipo Mtume akamswalia.

Dini na deni ni watoto wa mzizi mmoja wa Kiarabu. Dayn ni deni. Din ni dini, lakini vilevile ni hukumu, na ni malipo. Mwislamu anayeswali fardhi zake tano hulitamka neno hilo katika Fatiha mara 17 kwa siku, anapomtaja Mola kuwa mmiliki wa siku ya din, na wafasiri wetu hapo huandika siku ya malipo. Katika sura ya Yusuf, din ni sheria ya mfalme wa Misri, ile ambayo kwayo Yusuf asingeweza kumzuia ndugu yake abaki naye. Waebrania wanalo neno hilohilo kwa maana ya hukumu. Mahakama yao ya kidini hadi leo huitwa beth din, na jina Danieli maana yake ni kwamba Mungu ndiye hakimu wangu. Wababeli kabla yao wote waliandika dinu kwenye vibao vya udongo, wakikusudia kesi na uamuzi wake.

Waajemi walikuwa na neno lao, daena, lisilo na udugu na hayo. Kwa wafuasi wa Zarathustra, roho ya aliyekufa hukutana na daena yake kwenye daraja la Chinvat kwa sura ya msichana: wa kupendeza kupita kiasi kama matendo yalikuwa mema, wa kutisha kama yalikuwa mabaya. Wako wataalamu wanaoona kwamba neno hili ndilo lililompa mwenzake wa Kiarabu maana ya dini kama tuijuavyo. Huenda. Ila hata binti yule wa darajani amekuja na hesabu mkononi.

Najua nimetoka kuwacheka wachimba mizizi, na sasa jembe ninalo mimi. Sidai kwamba maneno yakiwa ndugu basi mambo nayo yamekuwa mamoja. Kwa mtindo huo kitenzi kudai, ambacho ukoo wake ni wa dua wala si wa deni, kingetupeleka kwingine kabisa. Ninachokiona ni swali. Fomu za shule, za hospitali, za kazi, zikifika kwenye mstari wa dini huwa zinauliza, kwa ufupi, unaamini nini. Neno lenyewe, kwa umri wake na kwa namna tunavyozikana, linauliza unadaiwa nini, na anayekudai ni nani. Watu wengi ninaowafahamu watababaika kwenye swali la kwanza na kujibu la pili bila kufikiri: nadaiwa swala ya adhuhuri, nadaiwa mbuzi wa nadhiri, nadaiwa zaka, namdai Mungu hata mimi maana nimeomba siku nyingi. Kukopa harusi, kulipa matanga, wahenga walisema wakizungumzia fedha, na sina hakika kama walizungumzia fedha tu.

Wakristo hawakuikwepa hesabu hii. Sala ya Bwana katika Injili ya Mathayo, kwa Kigiriki, inazungumza juu ya madeni, na watafsiri wa Biblia ya Union ya mwaka 1952 waliliweka hivyohivyo, deni na wadeni. Sala inayosaliwa katika Kanisa Katoliki husema makosa. Kosa huombewa radhi likaisha. Deni hubaki na kiasi chake.

Qurani haina wingi wa din. Adyan ni la vitabu vya baadaye, vya wanazuoni walioziorodhesha imani za watu. Wilfred Cantwell Smith, Mkanada aliyewahi kufundisha Lahore, alilishikilia sana jambo hili katika kitabu chake cha miaka ya 1960: kwamba dini kama kitu chenye jina na mipaka, kinachoweza kuhesabiwa na kupangwa rafuni pamoja na vingine, ni mazoea yaliyokomaa Ulaya katika karne chache zilizopita, na kwamba watu wengi wa zamani waliishi uchaji wao bila kujua kuwa wana "moja ya dini". Kiswahili hakimsaidii wala hakimpingi. Dini iko ngeli ya I-ZI, haibadiliki ikiwa moja wala zikiwa kumi. Ni herufi moja tu ya kiunganishi, ya au za, inayoamua kama tunazungumzia njia au orodha.

Na kuingia kwenye orodha si jambo dogo. Wajapani hawakuwa na neno la religio mpaka mataifa ya Magharibi yalipowatia kwenye mikataba katika karne ya 19; ndipo shukyo, neno la zamani la vitabu vya Kibudha, likapewa kazi hiyo. Katiba yao ya mwaka 1889 ikatoa uhuru wa dini. Mwaka 1900 serikali ikaitenga idara ya mahekalu ya Shinto na idara ya dini, kwa hoja kwamba Shinto haimo kwenye orodha, ni wajibu wa raia. Kwa hiyo Mbudha au Mkristo alikuwa huru na dini yake, huku mtoto wake akipelekwa kuinama hekaluni na mwalimu, maana hiyo haikuhesabiwa kuwa dini.

Huku kwetu kilichoachwa nje ya orodha hakikupata nguvu za namna hiyo. Kiliitwa mila. Neno hili nalo ni la Kiarabu, na lilikotoka lilikuwa neno kubwa: Qurani inamtaja Ibrahim na milla yake, yaani njia yake ya kumwabudu Mungu. Lilipofika pwani yetu likashuka ngazi, likawekwa sambamba na desturi, likapewa unyago, ngoma ya pepo, ubani wa mzimuni na kuoga mwaka. Dini ikabaki na msikiti na chuo. Mtu mmoja anaweza kutoka swala ya Ijumaa akaenda kutunza kwenye ngoma, na akiulizwa atajibu bila wasiwasi: ile dini, hii mila.

Mpaka huo haukuwa ukuta. Lamu, mwanzoni mwa karne ya 20, Habib Saleh, sharifu mwenye asili ya Ngazija aliyewafundisha hata wale ambao waungwana wa mji hawakuona haja ya kuwafundisha, alianzisha maulidi ya kupigiwa matari katika msikiti wa Riyadha. Wakubwa fulani wa mji walichukia. Tari ni la ngoma, na ngoma ni ya uwanjani. Leo maulidi ya Riyadha ndiyo yanayoujaza mji, wageni wanatoka mbali, punda wanashindanishwa, na ubishi kama tari msikitini ni ibada au ni uzushi bado uko barazani kila mwaka. Sitaukata mimi.

Bara, ambako neno dini lilipanda na misafara ya biashara, watu walikisikia kitu hiki kwa namna yao. Waganda walilipokea likawa eddiini, lakini kitendo chenyewe walikiita kusoma. Aliyejiunga na Waislamu, kisha na wamisionari wa Kiingereza waliofika mwaka 1877 au mapadri wa Kifaransa waliofika 1879, alikuwa msomaji, na hadi leo kwa Kiganda mtu anayekwenda kanisani anaweza kusema anakwenda kusoma. Wakikuyu nao waliwaita Wakristo wa kwanza athomi, wasomaji. Cicero angewaelewa bila mkalimani. Pwani mgonjwa husomewa, na marehemu husomewa hitima.

Kusoma hakukuwazuia kupigana. Buganda Wakatoliki waliitwa Wafransa na Waprotestanti wakaitwa Wangereza, ingawa wote walikuwa Waganda watupu, na Januari 1892 walipigana Mengo, upande mmoja ukisaidiwa na Lugard, afisa wa Kiingereza, na bunduki yake ya Maxim. Dini zilikuwa zimekuja na uraia.

Okot p'Bitek, mshairi na mwanazuoni wa Kiacholi, anasimulia kisa cha mwaka 1911 ambacho sijapata kukisahau. Mapadri wa Kiitaliano waliwakalisha wazee wa Kiacholi wakawauliza nani aliyewaumba. Lugha yao haikuwa na neno la kuumba kwa maana ile, hivyo swali likatoka: ni nani aliyewafinyanga? Wazee wakashangaa. Watu huzaliwa, hawafinyangwi. Wakabanwa wajibu, na mmoja akakumbuka kwamba wapo wanaofinyangwa: wale wanaoshikwa na kifua kikuu cha uti wa mgongo mpaka mwili ukapinda wakawa vibiongo. Hao hufinyangwa na Rubanga. Mapadri wakaandika: Rubanga. Jina la jini la kibiongo likawa jina la Mwenyezi, na Wakristo wa Kiacholi wanamwomba kwa jina hilo hadi leo. Kwa maana nzuri kabisa, na kwa machozi ya kweli.

Okot hakukisimulia kisa hicho ili tucheke. Alikuwa akiwagombeza wenzake, John Mbiti akiwemo, Mkenya aliyefundisha Makerere na ambaye kitabu chake cha mwaka 1969 kilisema kwamba lugha nyingi za Kiafrika hazina neno la dini, na hata hivyo kikaiona dini katika kila pumzi ya Mwafrika, tangu kabla hajazaliwa hata baada ya kuzikwa. Okot aliona huko ni kuivisha miungu ya Afrika kanzu za Kigiriki ili ikubalike mbele ya Wazungu. Ninamwelewa Mbiti, kizazi chake kilikuwa kimeambiwa kwamba hakina kitu, naye akajibu kwamba tunacho, tena kingi. Lakini Okot ndiye anayeninyima usingizi, kwa sababu swali lililoulizwa vibaya halijibiki vizuri hata na mzee mkweli.

Elijah Masinde hakungoja kuulizwa. Alikuwa Mbukusu wa Kimilili, magharibi mwa Kenya, mchezaji hodari wa mpira aliyewahi kuichezea timu ya Kenya, na muumini wa misheni ya Marafiki (Quakers) mpaka alipooa mke wa pili na misheni ikamweka kando. Katika miaka ya 1940 alianza kuwahimiza watu warudi kwenye msambwa, yaani mizimu ya wahenga pamoja na miiko na kafara zao. Angeweza kuyaita mambo hayo mila, na serikali ingemwacha. Wakoloni walizipenda mila, walikuwa na wataalamu wa kuziandika. Chama chake kikajulikana kwa jina la Dini ya Msambwa. Katika jina hilo neno lililoudhi ni la kwanza.

Serikali ilimkamata, na mwaka 1945 ikampeleka hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi. Alikaa huko karibu miaka miwili. Alipotoka, mwaka 1947, aliwaongoza maelfu ya watu hadi Chetambe, kilima karibu na Webuye, ambako mwaka 1895 Wabukusu walipigwa na majeshi ya Waingereza na wengi wakafa ndani ya ngome yao. Nusu karne ilikuwa imepita. Walitoa kafara pale.

Mimi nikitaka kumweleza mtu dini ni nini, nadhani ningeanzia Chetambe, sio Roma. Wale maiti walikuwa wanadai. Hakuna aliyewalilia ipasavyo, hakuna aliyewatolea mnyama, na walioishi walikuwa wameendelea kulipa kodi ya kichwa kwa serikali ileile iliyowaua huku deni la nyumbani likilala. Masinde aliwaambia watu kwamba wanalipa kwa mdai asiye wao. Polisi hawakuwa na shida ya kumwelewa. Februari 1948, huko Malakisi, walifyatulia risasi umati wa wafuasi na watu kadhaa wakafa. Chama kikapigwa marufuku, na Masinde akahamishiwa Lamu.

Lamu! Mji ambao ulikuwa umebishana kwa miaka ni lini tari ni dini na ni lini ni mila, ukaletewa mfungwa aliyehukumiwa kwa kosa la kuchanganya maneno hayohayo. Sijui kama kuna aliyekaa naye barazani wakalizungumza. Aliachiwa mwaka 1961, uhuru ukikaribia, na wengi walitarajia kwamba serikali ya Waafrika ingelimaliza jambo lenyewe. Mwaka 1968 serikali hiyo nayo ikaipiga marufuku Dini ya Msambwa. Masinde aliingia na kutoka kizuizini karibu mpaka uzee wake, akafariki mwaka 1987.

Siku hizi hatupigani risasi juu ya neno hili; tunahesabu. Tanzania iliacha kuuliza dini kwenye sensa baada ya ile ya mwaka 1967, na matokeo yake kila mtu ana takwimu zake za mfukoni kuhusu nani ni wengi. Kenya huuliza. Sensa ya mwaka 2019 iliwapata watu 318,727 wa dini za jadi, katika nchi ya watu zaidi ya milioni 47. Ukipita Bungoma mwezi Agosti wa mwaka unaogawanyika kwa mbili, wakati wa tohara, ukawaona vijana wakirudi alfajiri kutoka mtoni wamepakwa matope mwili mzima, wamesimama wima na hawapepesi jicho, na nyuma yao wajomba, shangazi na wazee wa kanisa wakiimba, utajiuliza karani wa sensa aliwaandika wapi. Waliandikwa Wakatoliki na Waprotestanti, na hawakudanganya.

Katika jedwali lilelile kuna safu nyingine ambayo magazeti hayakuishughulikia. Watu 73,253 waliandikwa kwamba hawajui dini yao. Pengine wengi walijibiwa na mpangaji wa chumba cha pili. Lakini namfikiria mmoja aliyekuwepo mlangoni mwenyewe, mwenye cheti cha ubatizo sandukuni, michango ya jumuiya iliyolala tangu Pasaka, nadhiri aliyoiweka mtoto alipougua, na nyanya yake kijijini aliyezikwa bila kuchinjiwa kwa sababu mchungaji alikataza. Aliulizwa dini, akaanza kuhesabu anadaiwa na nani, na karani, ambaye alikuwa na nyumba nyingi za kumaliza kabla ya jioni, akabonyeza alichoona kinafaa akaenda kugonga mlango wa jirani.